Medea hakuwa kichaa

Jamani, kila Medea akitajwa, sentensi inayofuata huwa hii: yule mwanamke aliyeua watoto wake kwa wivu. Basi, kesi imefungwa! Mimi sikubaliani. Hebu tuirudie tamthilia ya Euripides, iliyochezwa Athens mwaka 431 kabla ya Kristo (na kwa taarifa yako, ilishika nafasi ya tatu kati ya washindani watatu).

Jason alikwenda Colchis, huko iliko Georgia ya leo, kutafuta ngozi ya kondoo ya dhahabu. Bila Medea asingeipata. Binti huyu alimsaliti baba yake, akamuua ndugu yake, akakimbia na mgeni aliyemwapia ndoa. Wamefika Korintho, wana watoto wawili wa kiume, Jason anaoa binti wa mfalme Creon. Halafu anakuja kumweleza Medea kwamba amefanya hivyo kwa faida yake yeye na watoto! Tena ashukuru, maana ametolewa kwa washenzi akaletwa Ugiriki. Hayo ni maneno ya mwanaume anayejua hakuna atakayemuuliza.

Maana Medea ana kesi nzuri, ila hana pa kuipeleka. Kwao hawezi kurudi. Mfalme ambaye angeamua ndiye baba mkwe mpya, na ameshaamuru afukuzwe nchini na wanawe. Athens yenyewe ilikuwa na sheria ya Pericles ya mwaka 451 kabla ya Kristo: raia ni yule tu ambaye baba na mama wote ni raia. Watazamaji walijua vizuri mke wa kigeni ana uzito gani.

Sasa tazama huyo "kichaa". Anamwomba Creon siku moja tu, anapewa. Anakutana na Aegeus, mfalme wa Athens, anamwapisha ampe hifadhi. Akishakuwa na pa kukimbilia, ndipo anawatuma watoto wampelekee bibi harusi vazi na taji vyenye sumu. Binti anaungua, Creon anamkumbatia, anakufa naye. Aliyepofushwa na wivu hapangi hivi.

Simtetei. Watoto wale hawakuvunja kiapo cha mtu. Wanapiga kelele ndani ya nyumba, na wanawake wa Korintho wako nje wanajiuliza waingie kuwaokoa au la. Hawaingii. Medea mwenyewe anayumba, anaghairi, anawatazama wanawe machoni, anakiri kuwa analotaka kufanya ni ovu, kisha analifanya. Ndiyo maana neno "kichaa" linanikera. Linamfutia hatia yeye, na linamfutia Jason pia.

Euripides hakumpa Jason mwanya huo. Mwishoni Medea yuko juu, ndani ya gari la babu yake, mungu Jua, pamoja na maiti za watoto. Jason yuko chini, anaomba awaguse tu. Anakataliwa. Anaita miungu imshuhudie, ile ile aliyoiapia.