Huruma ya Barabarani Hulipwa na Abiria

Abiria atokaye Kilwa Kisiwani akielekea Lindi au Dar es Salaam hufanya safari mbili ndani ya moja. Kwanza huvuka maji kwa mashua hadi gati ya Kilwa Masoko, kisha hupanda gari hadi njia panda ya Nangurukuru, na hapo ndipo aipatapo barabara kuu. Katika safari ya kwanza, hata mtoto wa kisiwani hujua kumtazama nahodha, kulitazama tanga, na kuona kama maji yanajaa katika ngama. Chombo kinachovuja hakisukumwi majini kwa kumwonea haya mwenyewe. Lakini akishakanyaga nchi kavu, abiria yule yule huingia katika gari ambalo matairi yake ni vipara, mlango wake umefungwa kwa kamba na taa yake moja imepofuka, wala hasemi neno.

Jambo tunalotaka kulizungumza leo ni ukaguzi wa magari, na hasa ile hiari aliyo nayo askari wa usalama barabarani ya kuadhibu au kusamehe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imempa askari uwezo wa kulisimamisha gari, kulikagua, na kulizuia lisiendelee na safari likionekana ni bovu. Katika kazi yake ya kila siku anayo pia nafasi ya kupima: kosa hili lionywe, hili litozwe faini, hili lifikishwe mahakamani. Hatuilaumu sheria kwa kuacha nafasi hiyo. Sheria isiyokuwa na nafasi ya busara huwa jiwe, na jiwe halitofautishi baina ya kioo kilichopasuka ufa na breki zilizokufa. Tunachouliza ni hiki: busara hiyo itumike wapi, na gharama yake aibebe nani?

Ili kuelewa desturi ya kusamehe ilivyoota mizizi katika pwani yetu, hatuna budi kukumbuka barabara yenyewe ilivyokuwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari la kusini lilivuka Mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na mvua za masika zikianza, safari ya Lindi ilikuwa jambo la kumwomba Mungu. Malori yalilala njiani siku nyingi. Gari lililothubutu kuja lilipokewa kama mgeni wa heshima, na askari ambaye angelizuia kwa ajili ya taa au tairi angeonekana adui wa wananchi. Katika hali hiyo uvumilivu ulikuwa na maana. Zaidi ya hayo, tope lenyewe lilifanya kazi ya breki, maana gari lililokwenda mwendo wa kuchechemea, hata likiharibika, aghalabu liliishia shimoni na abiria wakateremka kulisukuma.

Leo mambo yamebadilika. Daraja lipo, na lami ya kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilichotutesa kuliko vipande vyote, ilikamilishwa katika miaka ya 2010. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Hayo ni maendeleo ambayo wananchi wa kusini waliyasubiri kwa muda mrefu, nasi tunayashukuru. Lakini lami haikuja na tope lake. Gari bovu lililokuwa likitambaa, sasa linaruka. Taa mbovu ambayo zamani haikuwa na kazi, kwa kuwa gari lililala jua likizama, sasa ndiyo jicho la dereva saa nane za usiku. Barabara imekuwa mpya, ila huruma yetu imebaki ile ile ya zama za kivuko.

Tunajua kwamba zipo sehemu ambako hoja ya kusamehe bado ina uzito. Kwa wanakijiji wa Njinjo au Kipatimu, au wasafiri wa njia ya Nangurukuru kwenda Liwale, gari linalozuiwa laweza kuwa ndilo gari pekee la siku hiyo. Ndani yake yumo mama mjamzito anayekwenda hospitali, na yumo mkulima mwenye magunia ya ufuta. Tulikumbushwa Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, maji yalipoikata barabara kuu eneo la Somanga, jinsi maisha ya watu wote wa kusini yalivyoning'inia kwenye uzi mmoja. Askari anayelitazama gari bovu mahali kama hapo ana mtihani mgumu, na mtu anayemhukumu akiwa amekaa kivulini hamtendei haki.

Hata hivyo, hebu tuutazame msamaha wenyewe unavyofanya kazi. Mwenye gari anasamehewa gharama ya breki mpya. Askari anaondokewa na usumbufu wa kuandika na kubishana. Dereva anawahi safari. Wote watatu wamepata kitu. Deni lililosamehewa, hata hivyo, halikufutika. Limehamishiwa kwa mama aliyekaa kiti cha nyuma amempakata mtoto, ambaye hakuulizwa wala hajui kama limehamishwa. Askari hapandi gari aliloliachia. Huruma inayotolewa na mtu mmoja na kulipwa na mwingine haistahili kuitwa huruma.

Wako watakaosema kwamba dawa ni faini. Kwa miaka mingi faini ya papo kwa papo kwa gari imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja. Mwaka 2021 Serikali iliipunguza kwa waendesha pikipiki na bajaji hadi shilingi 10,000, kwa kutambua kipato chao. Huo ulikuwa msamaha uliotolewa hadharani, kwa sheria, kwa kila mmoja sawasawa, nasi hatuna ugomvi nao. Lakini faini peke yake haitengenezi breki. Gari likisimamishwa, likatozwa, kisha likaambiwa liendelee na safari, faini hiyo imegeuka ushuru wa kupita. Mwenye gari hujifunza kwamba ubovu una bei yake, na kwamba bei hiyo ni ndogo kuliko ya fundi. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama nayo ina kazi yake ya kuelimisha, ila haishiki gurudumu kwenye mteremko.

Tena tusifiche jambo jingine. Msamaha usioandikwa popote ni kichaka kizuri cha rushwa. Ripoti ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 1996 iliitaja Polisi miongoni mwa vyombo ambavyo wananchi walivilalamikia kwa rushwa, na askari wa barabarani hawakusahauliwa. Wengi wa askari wetu ni watu waadilifu wanaosimama juani kutwa nzima. Hao ndio wanaoumizwa zaidi na utaratibu usiokuwa na kumbukumbu, kwa sababu aliyesamehe kwa busara na aliyesamehe kwa noti hufanana machoni pa abiria. Msamaha ukiandikwa, mwadilifu amepata shahidi, na mla rushwa amepoteza maficho.

Nasi abiria hatuna usafi wa kujivunia. Ni mara ngapi gari linasimamishwa, askari anainama kutazama tairi, na sauti za kwanza kumkemea zinatoka ndani ya gari lenyewe? "Tuachie, afande, tunachelewa!" "Mzee, tuna mgonjwa!" Askari aliyekuja kutulinda anajikuta anashindana na watu arobaini anaotaka kuwaokoa. Anayezidiwa kwa kelele hizo na kulifungua gari amefanya kosa, lakini nusu ya kosa hilo ni letu.

Watu wa visiwani wasidhani kwamba maneno haya ni ya watu wa bara peke yao. Hakuna aliyesahau MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuangamiza mamia ya ndugu zetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imechukua watu wengi mno kupita kiasi kilichoruhusiwa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere, kilichopaswa kubeba watu 101, kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara kikiwa na zaidi ya watu 200, na waliokufa wakafikia 228. Kila kimoja cha vyombo hivyo kiliondoka gatini mbele ya macho ya watu, na kila mmoja aliyekuwa pale alikuwa na sababu ya kutosema neno: watu wana haraka, ni siku ya gulio, safari ni fupi, jana kilikwenda vivyo hivyo kikafika salama. Hayo hayo ndiyo tunayoyasikia kwenye mashua za Kilwa Kisiwani na kwenye vyombo viendavyo Songo Songo sikukuu zinapokaribia.

Basi, tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika wa wilaya zetu za pwani.

Kwanza, makosa yagawanywe katika mafungu matatu, na mafungu hayo yabandikwe kwa Kiswahili rahisi kwenye stendi za Kilwa Masoko, Nangurukuru na Lindi. Fungu la kwanza ni ubovu usiosameheka: breki, usukani, tairi kipara, taa kwa safari ya usiku, na abiria kupita kiasi. Hapo hiari ya askari ifike kikomo, na gari lisimame. Fungu la pili ni ubovu wa kupewa muda, kama kioo chenye ufa au kiti kilichong'oka, ambapo mwenye gari anaandikiwa siku ya kulirudisha. Fungu la tatu ni la kuonywa tu. Katika mafungu haya mawili ndipo busara ya askari ina uwanja mpana, na tunaomba aitumie kwa ukarimu.

Pili, ukaguzi ufanywe zaidi stendi kabla ya nauli kulipwa, na si porini baada ya abiria kukaa. Gari likizuiwa alfajiri Masoko, abiria ana nafasi ya kutafuta jingine. Likizuiwa katikati ya pori, askari ana machaguo mawili yote mabaya.

Tatu, gari likizuiwa, mwenye gari awajibike kurudisha nauli au kuwahamishia abiria wake kwenye gari jingine. Kwa njia za vijijini zenye gari moja, halmashauri ikae na wenye magari mapema, kabla ya masika, na mafundi wawepo, ili gari hilo moja litengenezwe badala ya kuzuiwa au kusamehewa. Hapo ndipo mama mjamzito wa Njinjo anaposaidiwa kweli. Kumpa gari lisilo na breki si msaada.

Nne, kila msamaha uandikwe: namba ya gari, ubovu, siku, na jina la aliyesamehe. Kitabu hicho kikaguliwe na mkuu wa kituo kila mwezi.

Tano, kipimo hicho hicho kitumike majini. Wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini na wasimamizi wa gati zetu wahesabu watu na jaketi okozi kabla ya kamba kufunguliwa, hata kama upande wa pili wa mlango unaonekana kwa macho.

Yapo maneno tuliyoyazoea baada ya kila maziko: ajali haina kinga. Wazee waliosema hivyo walikuwa wakituliza mioyo ya wafiwa, nao walisema vizuri. Lakini hawakuyasema kwa ajili ya tairi lililoonekana kipara wiki tatu kabla, wala kwa ajili ya breki ambazo dereva mwenyewe alizilalamikia kwa tajiri wake. Ajali ya namna hiyo ilikuwa na kinga, na kinga yake ilisimama kando ya barabara imevaa sare nyeupe, ikatazama, ikahurumia, ikapisha.

Tunawaomba askari wetu wasione haya kulizuia gari bovu, na viongozi wa wilaya na mkoa wasiwapigie simu kuwaombea wenye magari. Nasi abiria, siku gari letu litakapozuiwa, tuteremke kwa utulivu, tuchukue mizigo yetu na kungoja jingine. Kuchelewa kufika Lindi kunaweza kusimuliwa nyumbani jioni ile ile, na msimulizi akawa ni wewe mwenyewe uliyesafiri.