Neva za Kichwa: Tufundishe Uso, Tusifundishe Orodha

Wahenga walisema kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hii hunijia kila nisahihishapo majibu ya swali la neva za kichwa. Mwanafunzi huandika majina yote 12 kwa mpangilio, huweka namba ya Kirumi mbele ya kila jina, naye hupata alama zote. Nami hubaki nikijiuliza: je, huyu amejifunza nini?

Shaka hiyo ina chanzo chake. Mwanafunzi wangu mmoja, aliyelijibu swali hilo bila kosa, alikwenda nyumbani likizo akamkuta baba yake amepinda mdomo, na mkono wake mmoja hauna nguvu. Jamaa walisema kwamba mzee amepigwa na upepo mbaya, wakamtibu nyumbani kwa siku tatu. Kijana alinyamaza. Aliporudi chuoni alinieleza kwamba haikumjia kabisa akilini kuwa uso wa baba yake na orodha iliyomo daftarini mwake ni jambo moja. Simlaumu yeye. Najilaumu mimi niliyemfundisha kama nilivyofundishwa ng'ambo, kwa kukariri sentensi ya Kiingereza ambayo herufi za mwanzo za maneno yake hukumbusha majina ya neva.

Neva nyingi za mwili hutokea katika uti wa mgongo. Lakini jozi 12 hutoka kwenye ubongo, zilizo nyingi katika shina lake, zikapita katika matundu ya fuvu. Karibu zote huhudumia kichwa na shingo, isipokuwa ile ya kumi, iitwayo vagasi, ambayo hushuka hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Hata hesabu yenyewe haikuwa hivi daima. Galen, tabibu wa karne ya 2, alihesabu jozi 7. Thomas Willis wa Uingereza, mwaka 1664, alihesabu 9. Na Samuel Thomas Soemmerring wa Ujerumani alifikisha 12 mwaka 1778. Orodha, basi, ni hesabu ya wanadamu. Kazi ya neva ndiyo iliyobaki vilevile, na hiyo ndiyo ipasayo kufundishwa.

Kazi hiyo yaweza kuonyeshwa bila maabara. Mwalimu na aje darasani na kitunguu, akikate. Harufu yake hupelekwa kwenye ubongo na neva ya kwanza. Mwasho wa macho hupelekwa na neva ya tano. Machozi nayo huamriwa na neva ya saba. Ukali wa pilipili vilevile si ladha, kama wengi wadhanivyo, bali ni habari ya maumivu na joto. Ulimini, sehemu ya mbele, hiyo nayo ni kazi ya neva ya tano. Ladha hasa ya sehemu hiyo huchukuliwa na neva ya saba, na ile ya sehemu ya nyuma na neva ya tisa. Ilhali neva ya kumi na mbili ndiyo iusogezao ulimi. Kiungo kimoja kidogo, neva nne! Kisha mwanafunzi mmoja ammulike mwenzake jichoni kwa tochi: neva ya pili imeleta habari ya mwanga, ya tatu imeamuru mboni ijifinye. Darasa lililoona hayo halitayasahau.

Lakini somo lililo kubwa kuliko yote limo katika neva ya saba, ambayo huiendesha misuli ya uso. Charles Bell, daktari wa Scotland, aliieleza mwaka 1821, na jina lake limebaki katika ugonjwa wa kupooza uso unaotokana na neva hii. Mgonjwa huyo hushindwa kufumba jicho, kukunja paji la uso na kucheka kwa upande mmoja wote, juu mpaka chini. Mwenye kiharusi kilichoshika ubongo kwa kawaida huwa tofauti: mdomo umepinda, lakini paji la uso lakunjika pande zote mbili. Sababu ni kwamba misuli ya paji hupokea amri kutoka nusu zote mbili za ubongo, na misuli ya sehemu ya chini ya uso hutegemea zaidi nusu ya upande wa pili. Nusu moja ikiumia, paji lina msaada, mdomo hauna.

Ukoma nao watufundisha jambo. Ukiiharibu neva ya saba, kope haifumbi; ukiiharibu neva ya tano, jicho halihisi vumbi lililoingia. Mwenye madhara hayo mawili kwa pamoja anaweza kupofuka bila kusikia maumivu. Anayezijua kazi za neva hizi haelezwi mara mbili kwa nini jicho hilo lahitaji kulindwa.

Wapo watakaosema kwamba elimu nusu ni hatari, na kwamba mwanafunzi asifanywe daktari. Nakubali. Sisemi kwamba kijana alitazame paji la uso la mgonjwa kisha aamue abaki nyumbani. Kanuni ya mtaani ni moja tu: mdomo ukipinda ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kama ni kiharusi cha damu iliyoganda, dawa ya kuiyeyusha, pale ipatikanapo, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza. Kama ni ugonjwa wa Bell, wagonjwa wengi hupona, na dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72, huku jicho likikingwa lisikauke. Katika hali zote mbili siku tatu za kungoja ni hasara, na katika hiyo ya kwanza hasara yaweza kuwa ya maisha.

Wengine watasema kwamba mtihani wataka majina. Na yaandikwe, mwanafunzi aliyeziona neva zikifanya kazi hatashindwa kuzitaja. Bali watungaji wa mitihani nao hawana budi kubadilika. Badala ya kuuliza, "Taja neva 12 za kichwa," waulize: "Mtu hawezi kufumba jicho la kushoto wala kukunja paji upande huo, ni neva ipi, na kwa nini?"

Walimu wenzangu, sayansi tuifundishayo haikai katika daftari. Imo katika uso wa mzazi anayemngoja mwanafunzi wetu nyumbani. Tumfundishe kuusoma.