Badala ya ufagio wa sokoni, mtoto alete Kalulu shuleni

Wazazi wengi wa Kalemie wanajua namna somo la kazi za mikono linavyokwenda katika shule ya msingi. Mwalimu anataja siku, mtoto anapeleka habari nyumbani, mama anapita sokoni na kununua ufagio uliofungwa na mtu mwingine. Kesho yake mtoto anapewa pointi kwa kazi ambayo mikono yake haikuigusa. Wote wanajua, wote wananyamaza, kwa sababu shule inahitaji fagio na mzazi anahitaji pointi.

Kuna kitu kingine ambacho mtoto angeweza kuleta siku hiyo, na hakiuzwi sokoni. Ni Kalulu: kikaragosi chake, au marioneti kama wengi wanavyosema, ya kuvaa mkononi, yenye masikio marefu na mdomo unaofunguka.

Kalulu hahitaji kujulishwa kwa mtu aliyekulia upande huu wa ziwa. Katika hadithi za Kiswahili anaitwa Sungura, Watabwa wanamwita Kalulu, na kwa majina yote mawili ni yule yule mdogo anayewashinda tembo na simba kwa akili, na siku nyingine anashindwa kwa ujanja wake mwenyewe. Wazazi na mababu walimpenda bila kumwona hata siku moja. Kati ya midoli ya plastiki inayotoka China, yeye hayumo. Watoto wenye televisheni nyumbani wanajua sura za wanyama wa katuni za nje kuliko wanavyomjua huyu wa kwao, na hilo si kosa la watoto.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wazima wanaotumia miezi mingi kuunda upya kikaragosi walichokipenda utotoni. Wanatafuta kitambaa cha rangi ile ile, wanapima umbali wa macho kwa rula. Wengine wanaweza kuwacheka. Lakini kikaragosi chenyewe kinachoigwa sana, yule chura Kermit, kilizaliwa nyumbani kama kichezeo cha mtoto yeyote maskini. Mwaka 1955 kijana Jim Henson, ambaye hakuwa bado na miaka 20, alichukua koti kuukuu la mama yake, akalikata, akalishona, kisha akapasua mpira wa meza kuwa vipande viwili ili apate macho. Tangu mwaka 2010 kikaragosi hicho cha kwanza kimo katika makumbusho ya Smithsonian, mjini Washington. Koti kuukuu na mpira uliopasuliwa! Hakuna kartie ya Kalemie isiyoweza kupata vitu vya namna hiyo.

Kalulu anahitaji hata pungufu. Soksi iliyopoteza mwenzake inatosha kuwa mwili. Vidole vinne vya juu ni pua, dole gumba ni taya la chini. Kipande cha katoni kilichokunjwa katikati kinaingizwa ndani ya mdomo ili usilegee wakati wa kusema. Masikio yanashonwa kwa vipande vya kitenge ambavyo fundi cherehani anavitupa kila jioni, na ndani yake zinapitishwa njiti mbili ili yasimame (hapo ufagio unapata kazi yake halali). Macho ni vifuniko viwili vya chupa, na mboni inachorwa kwa mkaa. Anayetaka kichwa kigumu apake karatasi za daftari la zamani uji mzito wa unga wa muhogo, azibandike juu ya kitambaa kilichoviringishwa, kisha aache jua likaushe.

Kazi kubwa iko kwenye macho. Yakiwa mbali sana pembeni, Kalulu anatazama kama mbuzi aliyechoka. Yakisogezwa karibu na pua, anamtazama mtu, na mtoto mwenyewe anashtuka kidogo kwa alichokifanya. Hilo halifundishwi na kitabu. Linatoka kwa kubandika, kubandua na kubandika tena, na ndiyo maana ya somo linaloitwa kazi za mikono.

Hadithi za Kalulu zenyewe zinajua nguvu ya sanamu iliyotengenezwa kwa mkono. Wakati wa ukame wanyama wote walichimba kisima, isipokuwa yeye. Usiku akawa anakuja kuiba maji. Wanyama wakatengeneza sanamu ya mtu, wakaipaka ulimbo mwili mzima, wakaisimamisha kando ya kisima. Kalulu akaisalimu, haikujibu. Akakasirika, akaipiga kofi, mkono ukanasa. Wa pili ukanasa, na miguu, na kichwa. Hadithi hii inasimuliwa kwa namna nyingi katika Afrika, na watu waliouzwa utumwani waliivusha bahari hadi Marekani, ambako ilichapishwa katika kitabu miaka ya 1880. Imefika mbali hivyo bila mtu kuilipia usafiri. Darasani, inahitaji vikaragosi viwili tu.

Kuna wazazi watakaoogopa, na woga wao usidharauliwe. Katika mji ambako mtoto anaweza kuitwa mchawi kwa sababu ya kukojoa kitandani au kusema usiku, kitu chenye macho kilichofichwa chini ya mkeka kinaweza kuleta matata. Dawa yake ni uwazi. Kalulu ashonwe mchana, mbele ya watu, akae juu ya kabati la darasa, na mchungaji au padri akaribishwe kumsikia akisema. Soksi inayochekesha darasa zima haina siri.

Isitoshe, kuchonga sura si jambo geni hapa. Mwezi Desemba 1884 watu wa Emile Storms, ofisa Mbelgiji aliyekaa Mpala, walimwua chifu Lusinga. Storms alipeleka fuvu lake Ubelgiji pamoja na sanamu yake ya mti. Sanamu hiyo imo hadi leo katika makumbusho ya Tervuren. Sanamu ya wazee si kichezeo, na hakuna anayetaka kuzichanganya. Lakini mafundi waliokuwa na mikono ile wana wajukuu katika jimbo hili, na wajukuu hao wanapewa pointi kwa fagio za kununua.

Watoto wanaokihitaji zaidi kikaragosi hiki ni wale wa familia zilizokimbia vita vijijini, na wale ambao nyumba zao ziliingiwa na maji ziwa lilipopanda mwaka 2024. Kichezeo ni kitu cha mwisho kubebwa wakati wa kukimbia. Huko Kinshasa, kituo cha Espace Masolo kimewafundisha watoto wa mitaani na waliokuwa askari watoto kutengeneza marioneti na kuzichezesha. Mtoto asiyeweza kusema yaliyompata anaweza kumwachia Kalulu ayaseme, na mtu mzima anayesikiliza vizuri ataelewa nani anasema.

Hakuna anayesema marioneti italeta chakula. Mama anayehangaikia bukari ya jioni hawezi kuambiwa akae ashone masikio. Lakini ufagio nao unamgharimu, na soksi haimgharimu. Wakubwa wa shule wanaweza kuamua kwamba ufagio unanunuliwa kwa fedha za shule, au unafungwa na watoto wenyewe darasani, na kwamba pointi za kazi za mikono zinapewa kitu ambacho mwalimu amemwona mtoto akikitengeneza. Mwaka wa shule unaanza Septemba. Kabla ya hapo mtoto ana muda wa kumwendea bibi au babu na kuuliza Kalulu alikuwa na sauti gani, nyembamba au ya kukwaruza, kwa maana kila ukoo una jibu lake.