Kejeli Zenu Si Dawa

Juzi jioni kwa steji, tao. Makanga anamtazama dada yangu mkubwa, kisha anapaza sauti: "Mathe, wewe utalipa viti viwili!" Gari zima likacheka. Hata mimi nilitabasamu. Hiyo ndiyo bado inaniuma.

Sasa nyinyi wa "mwambieni ukweli ndio apungue," kujeni hapa tuongee.

Mnaijua siku yake? Saa kumi alfajiri ameamka kutengenezea watoto chai. Saa kumi na moja yuko barabarani kwenda Indaa. Kurudi ni saa tatu usiku, halafu kuna nguo za kufua na mkopo wa simu unaomsumbua. Analala masaa matano, akibahatika.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya kotisoli. Si adui. Asubuhi inakusaidia kuamka, na ukiwa kwa shida inaambia ini litoe sukari kwa damu upate nguvu. Tatizo ni shida isiyoisha. Kotisoli ikikaa juu muda mrefu, insulini inafanya kazi vibaya, sukari inabaki kwa damu, mafuta yanajazana tumboni, na hamu ya chipsi na soda inapanda. Hapo kisukari na presha zinapata mlango.

Sisemi chakula na mazoezi si kitu. Ni muhimu, na stresi si sababu pekee ya unene. Lakini watafiti wamepima na kuona kwamba kudharauliwa kwa ajili ya uzito kunaweza kupandisha hiyo hiyo kotisoli. Kwa hivyo "ushauri" wako wa kumcheka mtu ni kuni unaongeza kwa moto, halafu unauliza mbona nyumba inaungua.

Na si dada yangu peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata wanawake 45 kwa kila 100 wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Wanaume hawafiki nusu ya hiyo. Ama mnataka kuniambia karibu nusu ya mamake, shangazi na dada zetu ni wavivu? Hao hao wanaoamka kabla yenu?

Na wewe unayeuza chai ya "kusafisha kotisoli," wacha kula pesa ya watu walioumizwa tayari. Kotisoli si uchafu. Hiyo pesa ni heri iende kliniki, mtu apimwe sukari na presha.

Ukimpenda dada yako, usimwambie apungue. Muulize amelala masaa mangapi, kisha uoshe vyombo. Mimi nimeanza na sufuria za jioni.

Makanga, yako ni hii: kiti ni kimoja, nauli ni moja. Siku nyingine sitatabasamu.