Risha ya Chuma Katika Kufundisha Gitaa

Wako wakufunzi wenzetu wanaomkataza mwanachuo kupiga gitaa kwa risha ya chuma, wakidai kuwa plastiki pekee ndiyo ifaayo. Sikubaliani nao. Brian May, mpiga gitaa wa kundi la Queen la Uingereza (ndilo kundi la Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja), hutumia sarafu ya peni sita, ambayo iliondolewa katika matumizi nchini humo mwaka 1980. Sababu yake yatuhusu sisi walimu: plastiki laini hupinda, na kupinda huko humeza sehemu ya tendo la vidole. Sarafu haipindi. Tena ukingo wake wenye meno, ukiinamishwa kidogo, hukwaruza uzi na kuupa mlio ukali mwanzoni.

Mwanafunzi akazaye mno kiganja, au azamishaye risha kati ya nyuzi, husitiriwa kosa lake na plastiki. Chuma humfichua papo hapo, hata mwalimu aliye nyuma ya darasa akasikia.

Lakini chuma ni kwa nyuzi za chuma tu. Za nailoni huchubuka. Hata hizo za chuma huchakaa upesi zaidi, nasi twajua jinsi fungu la kununulia nyuzi lilivyo dogo vyuoni. Kwa hiyo sipendekezi risha hiyo kwa kipindi kizima. Dakika tano za mwanzo, juu ya uzi mmoja mnene, zatosha kuupima mkono. Kisha plastiki irudishwe.