Mshangilie wako, mwache mtoto wa mwenzako arushe

Ukienda kwenye mechi ya softiboli ya mabinti nchini Marekani, sauti ya kwanza kukufikia inatoka kwenye benchi kabla hata ya ile ya wazazi waliokaa vitini. Wachezaji ambao zamu yao ya kupiga haijafika hawatulii wakisubiri. Wanasimama kwenye banda lao kando ya uwanja, vidole vimeng'ang'ania wavu, mmoja anaanzisha wimbo na wenzake wanaitikia, makofi na vishindo vya miguu vikishika mdundo. Aliyewahi kutazama mpira wa pete kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi Tanzania, hataona ajabu yoyote hapo. Ugomvi unaanza wimbo unapogeuka. Ulikuwa ukimsifu mpigaji wao, sasa unamwendea mrushaji wa timu pinzani: mipira yake mibovu inahesabiwa kwa sauti, na mkono wake unapozunguka ili uachie mpira, benchi zima linapiga ukelele mmoja. Mrushaji mwenyewe ana miaka kumi. Makocha na wazazi wanabishana kama hiyo ni sehemu ya mchezo au ni uonevu, na ushauri anaopewa mtoto ni ule ule wa siku zote: zibe masikio, usiwasikilize. Naona ushauri huo unamtwisha mzigo asiyestahili kuubeba. Kelele za kumvuruga mrushaji mtoto zinapaswa kukomeshwa na watu wazima, tena kuanzia kwa kocha wa timu inayozipiga, kwa sababu zinaharibu mafunzo ya watoto wa pande zote mbili.

Tuangalie kwanza kazi anayoifanya mtoto huyo. Katika softiboli ya Little League, shirika la Marekani la michezo ya watoto, warushaji wa kitengo cha hadi miaka 12 husimama futi 40 kutoka kwa mpigaji, yaani mita 12 na ushee. Wachezaji wa vyuo vikuu hurushia futi 43. Mpira hurushwa kutoka chini, mkono ukizunguka duara zima kuanzia kiunoni, kupita juu ya kichwa, hadi kurudi kwenye nyonga ambako vidole vinauachia. Ukiuachia mapema kidogo, unachimba udongo mbele ya mdakaji. Ukichelewa kidogo, unapaa juu ya kofia ya mpigaji. Na kabla ya yote hayo, kanuni zinamtaka mrushaji aunganishe mikono, mpira ukiwa ndani ya glavu, atulie kidogo, ndipo aanze. Mchezo wenyewe umeweka kituo cha utulivu kabla ya kila mpira, na ni hapo hasa benchi la wapinzani linapopandisha sauti. Akikosa eneo la mpigaji mara nne, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Hakuna mwenzake yeyote wa timu yake uwanjani ambaye makosa yake yanahesabiwa moja moja mbele ya kila mtu namna hiyo.

Wanasaikolojia wamechunguza kwa zaidi ya karne jinsi kuwepo kwa wengine kunavyobadilisha utendaji wa mtu. Mwaka 1898 Norman Triplett wa Marekani aliwapa watoto 40 vifaa vya kukunjia uzi wa kuvulia samaki, akawapima wakikunja peke yao na wakishindana na mwenzao. Nusu yao waliongeza kasi. Robo hawakubadilika sana. Robo iliyobaki walifanya vibaya zaidi, wakiwa na msisimko uliowazidi nguvu, mikono ikikakamaa. Kwa miaka mingi wasomi walishindwa kueleza kwa nini macho ya watu yanamsaidia huyu na kumwangusha yule, mpaka Robert Zajonc, mzaliwa wa Poland aliyefundisha Marekani, alipotoa maelezo mwaka 1965. Alisema kuwepo kwa watu kunampandisha mtu msisimko, na msisimko unatia nguvu lile tendo ambalo mwili umelizoea zaidi. Kama umeimudu kazi, tendo hilo ndilo sahihi, kwa hiyo utaifanya vizuri zaidi. Kama bado unajifunza, tendo lililo karibu ni kosa, na kosa ndilo litakalotoka. Mwaka 1969 yeye na wenzake walilijaribu wazo hilo kwa mende: waliwakimbiza kwenye njia iliyonyooka na kwenye njia yenye kona, huku mende wengine wakitazama kutoka kwenye visanduku vya kuona ndani. Kwenye njia iliyonyooka, wenye watazamaji walikimbia haraka zaidi. Kwenye njia ya kona walichelewa.

Binti wa miaka kumi anayejifunza kurusha kwa kuzungusha mkono yuko kwenye njia ya kona. Bado hajaizoea. Mchezaji wa timu ya taifa amerusha mipira isiyo na idadi tangu utotoni, mwili wake unajua pa kuachia mpira hata akili ikiwa mbali, na kelele huenda zikamwongezea makali. Ndiyo maana hoja kwamba mashabiki wa mpira wa kikapu hupiga mayowe mchezaji akitupa mtupo wa adhabu haisaidii kitu hapa. Yule ni mtu mzima anayelipwa kwa ustadi alioukamilisha. Huyu ni mwanafunzi aliye katikati ya somo.

Sasa tuone timu inayopiga kelele inavuna nini, maana hapa ndipo makocha wengi wanapojidanganya. Mrushaji akivurugwa, mipira yake inapotea. Mpigaji amesimama na gongo begani, anatazama mpira wa kwanza ukipita nje, wa pili, wa tatu, wa nne, kisha anatembea polepole hadi kituo cha kwanza. Anayemfuata ni vile vile. Vituo vinajaa, wakimbiaji wanasukumwa mmoja mmoja hadi kituo cha nyumbani, alama zinaongezeka ubaoni, benchi linashangilia. Na katika zamu nzima hakuna binti hata mmoja aliyezungusha gongo. Hakuna aliyejifunza kusoma mpira unaokuja kwa kasi, hakuna aliyekosa na kujirekebisha, hakuna aliyeugonga ukaruka akajua utamu wake. Upande wa pili, mabinti saba wamesimama uwanjani na glavu zao, hawajadaka mpira wala kukimbia, wanamtazama mwenzao akivunjika moyo. Kocha atarudi nyumbani na ushindi, lakini ana timu isiyojua kupiga. Siku watakapokutana na mrushaji aliyekomaa, ambaye kelele haziingii kichwani mwake, hawatakuwa na silaha nyingine, kwa sababu muda wa kuitengeneza waliutumia kuimba. Kocha anayejali maendeleo ya wachezaji wake angetamani mrushaji wa wapinzani arushe vizuri, ili wake wapate mipira ya kupiga.

Kuna suala la usalama pia, nalo halihitaji maneno mengi. Mpira ukiruka juu kati ya wachezaji wawili, wote wanakimbia macho yakiwa angani. Kinachowazuia kugongana ni sauti tu: mmoja anaita kwamba ni wake, mwenzake anampisha. Sauti hiyo ikimezwa na benchi lililo mita chache tu kutoka hapo, watoto wawili wanaweza kugonganisha vichwa.

Wanaotetea kelele wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba maisha yana makelele, na mtoto anayekingwa na kila kero hatakomaa. Ni kweli kwamba mrushaji anahitaji ngozi ngumu, na zipo njia za kumjengea. Makocha wazuri humfundisha mtoto utaratibu wake kabla ya kila mpira: anatoa pumzi ndefu, anakaza macho kwenye glavu ya mdakaji, anaanza. Kisha wanaleta kelele mazoezini kidogo kidogo, wenzake wakimpigia makofi na kumwimbia, kelele zikiongezwa kadiri anavyozidi kuumudu mkono wake. Hayo ni mafunzo, maana kocha wake ndiye anayepima dozi, na akizidiwa anasimamishwa, anaelekezwa, anarudia. Benchi la wapinzani halipimi dozi yoyote. Linaongeza sauti pale tu linapoona anayumba.

Tena ule ushauri wa kuziba masikio unadai jambo ambalo hata watu wazima waliofunzwa hawaliwezi. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na waamuzi 40 wa soka. Wote walitazama mkanda wa mechi ile ile ya Ligi Kuu iliyochezwa Anfield; wengine walisikia sauti za mashabiki, wengine walitazama kimya kimya. Waliosikia kelele waliitia hatiani timu ya nyumbani mara chache zaidi kuliko waliotazama bila sauti. Hao ni watu wenye vyeti vya uamuzi, tena wako mbele ya televisheni, hakuna anayewazomea wao. Tukikiri kwamba kelele ziliwayumbisha hao, tunapata wapi ujasiri wa kumlaumu mtoto wa darasa la tano?

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na naiheshimu. Mabinti wameambiwa wanyamaze kwa muda mrefu mno, michezoni na kwingineko. Mwaka 1972 huko Hoboken, jimbo la New Jersey, Maria Pepe alicheza mechi tatu tu za besiboli ya Little League kabla ya kuondolewa kwa sababu ni msichana. Kesi yake ilipiganiwa hadi mahakamani, na mwaka 1974 Little League ikafungua milango kwa wasichana, ikaanzisha softiboli yao mwaka huo huo. Uwanja ambao mabinti wanaimba leo ulitafutwa kwa jasho. Kwa hiyo mwamuzi akiwaambia watulie kwa sababu eti binti mwenye adabu hapigi kelele, anastahili kupingwa, nami ningekuwa wa kwanza kumpinga. Nyimbo za benchi ni mali. Zinamfanya hata yule asiyepata namba ajione yuko mchezoni, na timu inayoimba pamoja hupendana. Lakini mrushaji anayezomewa naye ni binti. Haki ya hawa kupaza sauti haiwezi kulipiwa na yule aliye peke yake katikati ya uwanja. Hata kwenye taarabu, ambako mipasho ni nusu ya utamu, anayepashwa ana kipaza sauti chake, ana bendi nyuma yake, na wiki ijayo atajibu. Mrushaji hana cha kujibia isipokuwa mpira, na ndio huo umevurugwa.

Wala tusidhani kwamba ukiondoa kelele za kuvuruga, kinachobaki ni uwanja wa msiba. Tazama Japan, kwenye mashindano ya besiboli ya shule za sekondari yanayochezwa katika uwanja wa Koshien, uliofunguliwa mwaka 1924. Ni vigumu kupata ushangiliaji mkubwa kuliko ule: matarumbeta, ngoma, maelfu ya wanafunzi wakiimba kwa pamoja. Ila kwa desturi kila upande hucheza muziki wake timu yake inapopiga, ikitoka kwenda kukaba unatulia na wenzao wanachukua zamu. Nguvu yote inamwendea mchezaji wao. Mshangiliaji wa Koshien haoni kwamba amenyimwa kitu.

Mfano huo si wa mbali nasi kama unavyoonekana. Tanzania ina mashindano yanayobeba jina hilo hilo la Koshien, na uwanja uliojengwa kwa msaada wa Japan katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Uganda ilitoa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya Little League, vijana wa Lugazi, mwaka 2012 mjini South Williamsport, Marekani. Softiboli ya mabinti inakua kwetu ikiwa bado changa, mila za benchi bado hazijakauka, na nyimbo tunazo nyingi kuliko Wamarekani. Ni rahisi kuziweka sawa sasa kuliko kuzing'oa baada ya miaka ishirini.

Kanuni za Little League zinamkataza mchezaji wa uwanjani kusimama mbele ya macho ya mpigaji kwa nia ya kumvuruga, na zinakataza maneno ya kuwakejeli wapinzani. Mpigaji amelindwa macho. Mrushaji alindwe masikio. Naomba vyama vya softiboli na walimu wa michezo waandike mstari mmoja kwenye kanuni za mashindano ya watoto: benchi liimbe litakavyo, likimtaja mchezaji wake, mpaka mrushaji anapounganisha mikono; hapo sauti ishuke hadi mpira upigwe au udakwe. Ukivunjwa, mwamuzi amwendee kocha, asimguse mtoto. Mara ya kwanza onyo, mara ya pili kocha atoke uwanjani. Na mzazi uliyeko pembeni, mrushaji wa wapinzani akikosa mipira minne mfululizo, nyamaza tu, hata kama kukosa kwake kumekupa alama.