Nani Aliyelitia Guni Shairi?

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea insha kuhusu ushairi wa Mombasa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtunzi aliyemhakiki ni hodari wa maudhui lakini dhaifu wa arudhi, na kwa ushahidi alinukuu beti tatu ambazo, kwa kweli, zilikuwa guni tupu. Katika ubeti wa kwanza, kwa mfano, vina vya mwisho vilikuwa vikienda vyema kwa -to, mara mshororo wa tatu ukaishia kwa 'macho'. Nilipoifungua diwani yenyewe nilikuta 'mato'. Mwanafunzi alieleza, bila ya kusitasita, kwamba alizinakili beti hizo kwa mkono wake, kisha akaikabidhi insha nzima kwa programu ya akili bandia ili 'iisafishe lugha'. Nayo ikasafisha. Ilitoa neno la Kimvita ikatia la Kiunguja. Mizani haikuguswa, kwa kuwa maneno yote mawili yana silabi mbili. Kilichovunjika ni kina. Hivyo ndivyo mtunzi alivyohukumiwa kwa kosa la tarakilishi.

Nilipolisimulia jambo hili mbele ya wenzangu niliambiwa kwamba nakuza dogo, kwani vyombo hivi 'husawazisha lugha tu'. Makala haya yanalipinga hilo neno 'tu'.

Wanafunzi wa historia ya Kiswahili walipaswa kuwa watu wa mwisho kuhadaika na neno kusawazisha. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ndio uliopendekeza Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi 1930, ikapewa mamlaka ya kuidhinisha vitabu vya shule. Manung'uniko ya wenye Kimvita na Kiamu juu ya uamuzi huo hatuna haja ya kuyarudia hapa. Lakini Kamati ilikuwa na makao, ilikuwa na katibu na ilikuwa na jarida. Mtu aliweza kubishana nayo. Aliweza pia kuikaidi lugha iliyosanifiwa. Abdilatif Abdalla, akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, alitunga kwa siri, kwenye karatasi za chooni, mashairi yaliyochapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na Kimvita chake kikabaki Kimvita. (Bahati njema hapakuwa na msaidizi wa kumsafishia lugha mle chumbani.) Mashine ya leo mtu ataikaidi vipi, ikiwa hata hajui kwamba imembadilishia neno?

Wako watakaosema kwamba ushahidi wa insha moja hautoshi. Basi na tutazame mbali kidogo. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi Novemba 2022, watafiti wamepata muda wa kupima. Uchunguzi uliochapishwa 2025, uliopitia ikisiri zaidi ya milioni 15 za makala ya tiba na biolojia, ulikadiria kwamba angalau asilimia 13.5 ya zile za 2024 zilipitia katika programu za namna hii; kilichozifichua ni kuzagaa kwa ghafla kwa vitenzi na vivumishi vya mapambo. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo, wa Chuo Kikuu cha Cornell, uliwaandikisha watu 118 wa India na Marekani, baadhi yao wakipata mapendekezo ya mashine. Maandishi ya Wahindi yalielekea kufanana na ya Wamarekani. Ikiwa hayo yamewapata watu wanaoandika Kiingereza, lugha ambayo mashine imeshiba matini zake, sembuse sisi? Kiswahili chake tunakijua: kila aya huanza kwa 'ni muhimu kutambua kwamba', kila jambo 'lina jukumu muhimu', na hakuna sifa isiyokuja na wenzake wawili. Ni nyama ya Kiswahili juu ya mifupa ya Kiingereza.

Sina ugomvi na mwanafunzi wa bara anayesahihishiwa upatanisho wa kisarufi. Hilo hata kamusi na mwalimu hulifanya. Ugomvi wangu ni mwingine. Mwanafunzi niliyemtaja si mgeni wa lahaja ile. Amezaliwa Mombasa, na nyumbani kwao macho huitwa mato hadi leo. Alipoliona 'macho' katika nukuu yake mwenyewe, hakushuku mashine. Alimshuku malenga, na kwa kufanya hivyo alilishuku sikio lake. Mtu wa namna hiyo, atakapoketi kutunga, hatalihitaji tena lile chombo kumfutia 'kitwa' na 'ndia'. Atakuwa ameshayafuta mwenyewe kabla kalamu haijagusa karatasi, na hakuna mhakiki atakayejua kwamba yaliwahi kuwapo.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila nukuu ya kifasihi katika tasnifu zetu ilinganishwe na chapa yake mbele ya msimamizi, na kwamba rasimu ya kwanza iwasilishwe kama ilivyoandikwa, pamoja na makosa yake. Wenzangu wanaoshikilia kwamba usawazishaji huu hauna madhara na watuonyeshe shairi moja la Kimvita au la Kiamu lililopitia humo likatoka na vina vyake vyote. Nafasi ya jibu lao imo katika kurasa hizi hizi.